Siku Niliyompa Kaka Mafuru Pensheni Yangu ya Kanada

Jamani, nawasimulia hii kwa sababu nusu yake mnaijua, na hiyo nusu mnayoijua imepikwa pale stendi ya Bunda na watu ambao hata hawakuwepo, kwa hiyo bora mwenye aibu aiseme mwenyewe. Mkisikia nikiitwa "Ng'ombe za Mafuru" nikipita Manyamanyama, msidhani nafuga. Sina hata mbuzi. Ni jina nililopewa Jumapili moja mbele ya kanisa zima, kiti cha plastiki kikiwa kimening'inia nyuma yangu, na mke wangu Nyangeta ameinamisha kichwa anatafuta kwenye pochi kitu ambacho hakikuwemo.

Naanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Mimi Wambura nilikaa Kanada miaka ishirini na nne, kwenye kiwanda cha nyama. Mtoto wa Butiama, niliyekua nikimjua kila ng'ombe wa kwetu kwa jina, nikaenda kukata nyama ya ng'ombe ambao hata sura zao sikuwahi kuziona, kwenye chumba cha baridi ambapo ukipiga chafya unaogopa pua itabaki mkononi. Kila mwezi walikuwaga wanakata kidogo kwenye mshahara wangu wanaweka kwenye mfuko wa uzeeni, na mimi kila mwezi nalalamika, nawaita wezi (kwa Kiswahili, ili wasisikie). Nilipostaafu nikakuta kumbe wale wezi wamenitunzia kitu cha maana. Sio utajiri, msije mkaanza kunipigia simu, ila ni kitu kinachoingia kila mwezi, mimi na Nyangeta tunakula, tunatibiwa, na hatumwombi mtu. Binti yetu Neema akabaki kule na kazi yake, sisi tukarudi, tukajenga Manyamanyama, nikajua mambo yameisha.

Yalikuwa hayajaisha. Ikaja barua kutoka kwenye ule mfuko, inasema kwa kuwa sasa huishi tena huku, kila mwezi tutakukata robo kwa ajili ya kodi ya huku kwetu, isipokuwa ulete cheti kutoka ofisi ya kodi ya nchini kwako kinachothibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa huko, maana nchi zetu zina makubaliano, na ukileta cheti hicho makato yatapungua. Robo, ndugu zangu. Katika kila ng'ombe wanne mmoja anaondoka, kila mwezi, mpaka siku naingia kaburini. Nyangeta aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Baba Neema, kesho asubuhi Musoma. Ukirudi bila cheti usiniulize chakula."

Sasa kabla sijafika Musoma lazima niwaambie kuhusu marehemu baba yetu, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Baba alikuwa na ng'ombe wengi (idadi siwaambii mpaka leo), lakini ungekuja nyumbani ungekuta wachache tu wamesimama zizini wanapunga mikia. Wengine walikuwa wametawanyika, kwa mjomba, kwa rafiki zake kule Guta, kwa shemeji ng'ambo ya mto. Ndivyo wazee walivyokuwaga wanafanya: ugonjwa ukija usimalize wote, wezi wakija wasiswage wote, na karani wa kodi akija na daftari lake akute wale wachache na mikia yao. Na sheria ilikuwa moja. Aliyeachiwa ng'ombe akiulizwa, na karani au na nani, anasema ni wake, na anashikilia hapo hapo mpaka mwenyewe aje aseme. Mtu akitoboa kwamba "huyu si wangu, ni wa fulani," ukoo mzima ulikuwa haumpi tena hata ndama. Tulikua na hayo, mimi na kaka yangu Mafuru, ila Mafuru alibaki nayo Butiama kwenye mifugo yake, mimi nikaenda nayo Kanada na nikarudi nayo bila kujua kwamba ninayo.

Basi nikafika ofisi ya kodi. Watu wamejaa benchi mbili. Dirishani alikuwepo binti mmoja anaitwa Rehema, rika la Neema wetu, mpole, kila mzee anampa shikamoo yake, shida ilikuwa kile kioo. Dirisha lilikuwa na kioo kinene chenye tundu dogo, kwa hiyo yeye anapaza sauti ili umsikie na wewe unapaza ili akusikie, na benchi zote mbili zinapata taarifa bure. Na kwenye benchi, mtu wa tatu nyuma yangu, alikuwa mzee Maregesi, mwenye mashine ya kusaga kule Butiama na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kigango chetu. Huyu mzee miaka yote anatafuta bati za paa la kanisa. Mkono mmoja anakusalimia nao, mwingine umeshika daftari la michango.

"Shikamoo baba," Rehema akasema.

"Marahaba."

Nikapitisha barua chini ya kioo. Akaisoma, uso ukamchangamka, akasema kwa sauti ile ya kioo, "Aa, pensheni ya nje. Hii haina shida, baba, tunaifanya. Sasa nieleze vizuri hizi fedha zako zilizoko Kanada."

Mnajua benchi la ofisi lilivyo, kuna kikohozi, kuna mtoto analia, kuna mtu anauliza choo kiko wapi. Vyote vilikoma. Sikugeuka, lakini nilisikia daftari linafunguliwa. Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia ukoo mzima kwamba nimerudi kutoka Kanada mikono mitupu (nisingefanya hivyo nisingelala, mnatujua tulivyo). Nikaona mdomo unafunguka wenyewe, na anayeongea sio mimi, ni baba yangu na karani wake.

"Si zangu," nikasema.

"Si zako?"

"Za kaka yangu, Mafuru. Yuko Butiama. Mimi namtunzia tu."

"Lakini barua ina jina lako, baba."

"Jina ni langu. Mali ni yake."

Mzee wa miaka sitini na mbili, mwenye mvi na meno ya bandia mawili, namwambia ofisa wa serikali maneno hayo kupitia tundu. Rehema aliniangalia muda mrefu, bila ukali, akaandika kitu kwenye karatasi zake. "Basi kama ni zake, cheti siwezi kukupa wewe," akasema. "Mwenyewe aje na kitambulisho chake, aeleze, aweke saini. Maana nikikosea jina hapa, na huko Kanada hawatakipokea."

Nikaokota barua yangu nikatoka kama mwizi wa kuku. Nikiwa mlangoni nikamsikia Maregesi ameshafika kwenye tundu, anamwambia, "Binti yangu, Jumapili hii uje kwetu utupe ile elimu yenu ya kodi, baada ya misa, tuna harambee ya bati," na Rehema anajibu kwamba atakuja. Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Sikutia maanani, kichwa kilikuwa kinatafuta gari la Bunda.

Nyumbani nilimkuta Nyangeta anaparua sato. Nikamweleza, nikimeza sehemu nyingine, lakini ananijua, akazitoa zote moja moja.

"Kwa hiyo pensheni yako ni ya shemeji," akasema. "Shemeji ambaye hata Mwanza hajafika."

"Nilibanwa, Mama Neema."

"Nani alikubana? Kale kabinti kenye shikamoo? Kesho unarudi unasema ukweli."

Ningerudi kesho yake, leo tusingekuwa na cha kuongea hapa. Nikasema ngoja foleni ipungue, ngoja Maregesi asahau. Mtu anayekumbuka ahadi ya misumari uliyoitoa kabla hujaoa, mimi nikamtegemea asahau.

Siku mbili hazijapita, simu ya Mafuru.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wambura, leo nimeamkiwa na watu walionizidi umri. Maregesi amekuja mpaka zizini, ananiita mheshimiwa. Mwenye duka amekataa hela yangu ya sabuni, anasema nitalipa nikijisikia. Kuna nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli kwa bei rahisi, kwa kaka yangu wa tumbo moja, bila mtu wa kusikia. Badala yake nikasema, "Kaka, kuna kitu changu nimekuachia. Kishike kidogo tu, kama zile ng'ombe za baba."

 Nyuma yake nilisikia ng'ombe analia. "Nimekuelewa," akasema, akakata. Hakuuliza ni kitu gani wala ni kikubwa kiasi gani.

Jumapili tukaenda Butiama kwenye ile harambee. Nilivaa suti ya siku yangu ya kuagwa kiwandani, ambayo hata siku hiyo ilikuwa inabana (Kanada ilinipa mwili wa mtu mwingine, mwenye kiuno kipana, nikarudi nao). Nikajificha viti vya nyuma, na viti vya nyuma ni vile vya plastiki vyenye mikono, nikajipenyeza kwenye kimoja nikasikia kinalalamika. Nikatazama mbele. Wameleta sofa kutoka kwa Maregesi, lenye vitambaa vya kushona kwa mkono, na juu yake amekaa kaka Mafuru, amevaa koti la marehemu baba na viatu vya kuazima, ameshika magoti. Pembeni yake, vipeperushi mapajani, Rehema wa ofisi ya kodi.

Nyangeta akaninong'oneza, "Yule pale si kale kabinti kako ka kodi?"

Nikasema simjui.

Maregesi akashika maiki. "Na sasa mgeni wetu rasmi, mtoto wa hapa hapa, aliyekaa kimya na mali yake ya Kanada kama hana kitu. Mzee Mafuru." Vigelegele vikapigwa. Rehema akageuka, akamtazama Mafuru, akatazama vile viatu, kisha akaanza kukagua nyuso za watu taratibu, mstari kwa mstari. Nikazama ndani ya kiti mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele.

Kaka yangu ni mrefu, mwembamba, hasemagi sana. Aliishika ile maiki kama fimbo ya kuchungia.

"Wanasema nina mali Kanada," akasema. "Ndiyo. Ni yangu."

Akatafuta macho yangu, akayapata. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Natoa Nyamweru."

Nyamweru ni ng'ombe wake mweupe wa maziwa. Mafuru ana wajukuu wanne nyumbani, na wale watoto uji wao, chai yao, daftari zao za shule, vyote vinatoka kwa Nyamweru. Watu wakashangilia, lakini huku nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Ng'ombe mmoja, mtu wa Kanada?" na kicheko kikapita kanisani. Maregesi naye akachochea, "Mheshimiwa, bati bado ni nyingi."

Mafuru akahamishia maiki mkono wa pili. Akanitazama tena.

"Na maksai wangu mmoja wa kulimia."

Wa kulimia wanafungwa wawili, ukimtoa mmoja umetoa plau nzima, na mvua zilikuwa mlangoni. Akanitazama mara ya tatu, na hapo ndipo nikaelewa. Kaka hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananisubiri. Sheria ni mpaka mwenyewe aje aseme, na mimi nisiposema angeendelea kutoa zizi lake mnyama mmoja baada ya mwingine, mpaka wajukuu wabaki na chai ya rangi, na mdomo wake usingetamka "si yangu." Nilimpenda kaka yangu wakati ule kuliko siku zote, na mimi mwenyewe nikajiona takataka.

Nikasimama. Kiti nacho kikasimama.

Mikono yake ilikuwa imenikamata kiunoni, nikakisukuma, kikagoma, nikakisukuma tena, suti ikaachia mahali fulani mgongoni kwa mlio ambao hata kwaya iliusikia. Kanisa zima likageuka. Nikaona nikisubiri kukivua kaka atamtaja ng'ombe wa tatu, kwa hiyo nikasema hivyo hivyo, nikiwa nimeinama, miguu minne ya plastiki imeelekea mlangoni.

"Ni zangu mimi. Hizo hela za Kanada ni zangu, Wambura, pensheni yangu ya kukata nyama. Kaka hana kitu kule. Nilidanganya pale ofisini kwa sababu mzee Maregesi alikuwa nyuma yangu na daftari. Kaka ananifichia tu. Nyamweru asiguswe."

 Halafu bibi mmoja mbele akasema, "Kwanza mvueni kiti," na hapo ndipo walipocheka, walicheka wakashikana mabega, padre akageukia ukutani mabega yanamtetemeka. Vijana wawili wakanishika, mmoja huku mmoja kule, wakavuta. Nyangeta ndipo alipopoteza kile kitu kwenye pochi.

Rehema akasimama akachukua maiki. Nikajua sasa ni pingu. "Asante baba kwa kusema," akasema. "Njoo ukae hapa karibu na mimi. Nilikuwa natafuta mfano wa kufundishia, nimeupata." Akawaeleza watu kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, bila kioo, na mimi nimekaa pale kwenye sofa kama samaki mnadani. Akasema mtu akirudi kuishi nyumbani, mapato yake ya nje anayasema huku; alichokwisha kukatwa kule analeta karatasi yake, na huku wanakizingatia kwa mujibu wa sheria, ili mzee asibebeshwe mzigo mmoja mara mbili; na kile cheti ndicho kinachowafanya na wale wa kule wapunguze makato yao. "Hatuji kuswaga ng'ombe wa mtu," akasema. "Ila jina liwe la mwenyewe. Nikiandika jina la kaka yake, siku mzee huyu anaumwa, anayeidai haki yake ni nani?"

Nilikuwa nimeishi na hofu ya yule karani wa baba miaka yote hiyo, na kumbe huyu binti anaongea lugha ya kunisaidia tangu siku ya kwanza, ni mimi niliyekuwa nasikia nyingine.

Maregesi akatangaza kwamba Nyamweru na maksai wamerudi zizini kwao. Kisha akanigeukia, kalamu tayari. Nikaahidi bati ishirini. (Ukurasa ulikuwa umeshaandikwa jina langu juu. Sijui aliandika saa ngapi.)

Tulipokuwa tunakula, watu wananiita jina langu jipya, mama mmoja mjane akanivuta kando ya ukuta. Marehemu mume wake alifanya kazi miaka mingi migodini Zambia, na kuna barua za mafao ziko chini ya nguo sandukuni, anaogopa kuzionyesha ofisi yoyote. Hajapita mama huyo, akaja mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha nje, naye anaongea kwa kunong'ona. Nikawauliza kwa nini mimi, siku ile ile niliyojidhalilisha. Yule mama akasema, "Mtu aliyevuliwa kiti mbele ya padre hawezi kunicheka." Siku hizi tunaenda Musoma pamoja, wananikuta stendi na bahasha zao, na fomu zile nazijua kuliko sala zangu. Yule mama barua zake zimejibiwa mwezi uliopita, na bati la kanisa lililobaki ni la upande mmoja tu.

Mimi nimeapa, na Nyangeta ni shahidi: nikiulizwa kitu changu nitasema ni changu, hata kama kioo kina tundu na nyuma yangu wamekaa wenyeviti wa kamati kumi. Na kiti chenye mikono sikalii tena.

Lakini cha mwisho niwaambie hiki. Jina la Mafuru lilikuwa limeshaandikwa, kwa hiyo Jumanne tukaenda naye Musoma ili lifutwe. Amevaa koti lile lile. Nilipewa kwanza fomu yangu nikajaza, nikasaini, Rehema akasema cheti kitatoka (na kilitoka, kikaenda Kanada, na makato yakashuka). Kisha akamwita kaka dirishani, kwa sauti ile ya kioo.

"Shikamoo baba. Nakuuliza swali moja tu, ni utaratibu. Una mali yoyote nje ya nchi?"

 Mafuru akafikiri. Mtu huyu alikuwa tayari kumtoa Nyamweru kwa ajili ya uongo wangu, na mimi simu za Krismasi niliziruka miaka mingine, na mama alipofariki nilituma hela nikabaki kwenye chumba changu cha baridi. Akageuka, akanitazama, akarudi kwenye tundu.

"Nilikuwa na huyu," akasema. "Ameshanirudia."

Rehema akaandika "hana," akagonga muhuri.